Uzito wa Kisichoonekana

Babu yangu alifunga vidonda vya watu zahanati mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Baba yangu alipima damu na makohozi, na hakuwahi kutoa jibu ambalo hakulihakiki kwa jicho lake mwenyewe. Mimi nilirithi kiti chake mbele ya hadubini, nikakikalia mpaka nikastaafu. Katika ukoo wetu hakuna aliyetuhumiwa kwa uvivu wala kwa uongo, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo mke wangu alipolazwa, na homa ikakataa kushuka licha ya sindano, sikukaa kwenye benchi la wageni kujiinamia. Nilivaa koti langu jeupe la kazini, ambalo siku hizi linanipwaya, nikaenda katika maabara niliyoiongoza zamani, ambako mjukuu wetu wa kike sasa ni mtaalamu. Nilimkuta ameshika kisahani. Bakteria waliotoka katika damu ya bibi yake walikuwa wameota humo, vidoa vidogo vya kijivu.

"Shikamoo, babu. Nani kakuruhusu kuingia?"

"Marahaba. Lete hadubini."

Nilichungulia. Vilikuwa viduara vilivyoshikana kama mkufu.

"Streptokoki," nikatamka. "Daktari hakukosea dawa. Aongeze dozi tu."

"Hao wana ndugu zao, babu, wanafanana kama pacha. Ngoja mashine iseme."

"Nimewatazama hawa kabla mama yako hajazaliwa!"

"Na bado wanakuzuga," akasema huku akicheka, ila macho yake hayakucheka.

Alichukua kijiti cha kuchokolea meno, akachota kidoa kimoja, akakipaka kwenye duara dogo la bamba la chuma. Akadondoshea tone la dawa, likakauka likawa chengachenga. Bamba likaingia tumboni mwa mashine, pampu ikaanza kunyonya hewa. Tukasubiri. Kioo cha mashine kikaandika: *Haikutambulika.*

Mkuu wa maabara, mama mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe, akaja kulikagua bamba.

"Wewe binti, hapa umepaka bakteria au umepaka siagi?"

"Ni wa bibi yangu," mjukuu akajibu kwa sauti ndogo. "Nikaona niongeze, isije ikawakosa."

"Ukiwarundika hivi, mashine haioni kitu. Paka kiasi cha kuonekana kwa shida. Rudia."

Akarudia. Safari hii nilikaza macho na sikuona kitu kwenye lile duara, ila ukungu kama wa pumzi kwenye kioo.

"Sasa sikiliza, babu," akaniambia. "Mwali wa leza unawapiga. Protini zao zinachomoka na kuruka ndani ya bomba lisilo na hewa. Nyepesi zinatangulia, nzito zinafuata. Mashine inapima kila moja imechukua muda gani kufika, na kwa muda huo inajua uzito wake. Kila aina ya bakteria ina mpangilio wake wa uzito, kama wewe ulivyo na alama zako za vidole."

Kabla sijauliza swali, vilele vyembamba vilichomoza kwenye kioo, virefu kwa vifupi, safu nzima. Nilishikilia ukingo wa meza. Nilizoea kuwalisha viumbe hawa sukari za kila namna na kungoja siku nzima ili wajifichue. Leo walikuwa wamewekwa mizanini, protini kwa protini, wakiwa wadogo kuliko vumbi la vumbi. Niliona ukuu ambao sikutarajia kuuona nikiwa hai.

"Enterokoki," mkuu wa maabara akasoma. "Huyu ni mkazi wa utumbo. Sindano anayochomwa mgonjwa haimgusi mdudu huyu hata kidogo."

Nilivua miwani. Dozi niliyotaka iongezwe ingekuwa maji matupu, na mke wangu angezidi kuzama. Mjukuu alikuwa ameshanyanyua simu kumwita daktari wa wodi.

Dawa ilibadilishwa papo hapo. Kesho yake jioni homa ilikuwa imeshuka. Mke wangu akafumbua macho, akanitazama toka juu hadi chini, koti lile bado liko mwilini mwangu.

"Nani kakuvalisha gunia hilo?"

Nilimshika mkono.

Basi nyinyi wajukuu, nisikilizeni. Mkiambiwa subirini kipimo, subirini. Msimeze dawa kwa kukisia, wala msiseme mnajua kile ambacho hamjakipima, hata kama aliyewaambia ni mimi. Wekeni simu chini mnitazame usoni, kwa maana hili nataka lishike.