Ilani ya Ishirini na Tatu

Azara Neindow aliiandika ilani ile bila kuitazama. Vidole vyake vilikwisha kuijua: mnara wa redio, mita sabini na mbili kwenda juu, kilomita mbili na nusu kutoka ncha ya mashariki ya njia ya kurukia ndege, kushoto kidogo kwa anayekuja kutua, hauna taa. Ilani kwa marubani haidumu zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo kila miezi mitatu ilipotimia, Azara aliketi pale pale, ofisini uwanja wa ndege, kwenye kiti kile kile kilichovunjika egemeo, akaiandika upya. Hii ilikuwa ya ishirini na tatu.

Alipomaliza aliandika na barua, kama kawaida, kumtaka mwenye mnara aweke taa au aubomoe. Akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake jina la Alhaji Zibilim Iddi, mwenye Redio Suhudoo. Alhaji mwenyewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita na redio ikafa pamoja naye. Mji mzima ulihudhuria maziko. Azara alikwisha kumweleza hayo bosi wake, Bwana Akolgo, si mara moja.

"Jina lililo kwenye faili ndilo hilo, Hajia," Akolgo alikuwa akimjibu. "Tukianza kubadilisha majina bila karatasi, tumejitafutia balaa. Wewe andika. Tukiulizwa, tutaonyesha kwamba tuliandika."

Naye akaandika. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, magoti yalimsumbua, na hakuwa tena na nguvu za kubishana na mtu mwenye mhuri.

Hiyo ilikuwa Januari, wakati vumbi la jangwani linaposhuka na kuufunika mji mzima kama unga uliomwagika. Midomo inapasuka, nguo zilizofuliwa asubuhi zinaanuliwa nyekundu. Siku ya nne baada ya ile ilani, saa tisa alasiri, Azara alisikia ndege ndogo ikija kutua. Mlio ulikuwa ukishuka vizuri, halafu ghafla ukabadilika, injini zikanguruma kwa nguvu zote, ndege ikapanda tena. Chai ilitikisika kikombeni. Akasimama dirishani, lakini nje hakukuwa na kitu cha kuona ila weupe mchafu.

Ndege ilizunguka, ikajaribu mara ya pili, ikatua. Baada ya robo saa mlango wa ofisi ya Azara ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Kapteni Baffoe, rubani mzee wa ndege ya viti tisa iliyokuwa ikiwaleta watu wa machimbo kutoka kusini. Mtu wa mizaha, kwa kawaida akiingia huanza kumtania tangu korido. Leo aliketi tu.

"Hajia, una maji?"

Azara akampa kifuko cha maji. Baffoe akakitoboa kwa meno, maji yakamwagikia shati. Akampa cha pili.

"Nimeuona mnara wako," alisema.

"Si wangu."

"Upepo ulinisukuma kushoto, nami nilikuwa natafuta taa za uwanja mbele, nikaja chini mno. Nilipogeuza kichwa, huu hapa, dirishani. Nimeona kutu yake. Nimeona kiota cha ndege juu yake, Hajia. Ningenyoosha mkono ningechukua yai."

"Ulikuwa na watu wangapi?"

"Saba. Mmoja amelala safari nzima, mpaka sasa hajui kitu. Namuonea wivu."

Azara aliona ni lazima aulize, ingawa hakutaka kulisikia jibu. "Ilani hukuisoma, Kapteni?"

"Nimeisoma leo asubuhi. Naisoma mwaka wa sita huu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ndiyo shida. Nikifika mstari ule macho yanauruka yenyewe. Kama wanavyotutangazia kanisani tuzime simu. Unasikia, lakini husikii. Sikulaumu wewe."

"Heri ungenilaumu."

Rubani alipoondoka, Azara alibaki akiitazama nakala ya ilani iliyobandikwa ukutani. Hakuwa na hasira. Alichohisi ni uchovu, uchovu mzito kama blanketi lililoloa maji, na chini yake aibu. Miaka yote ile hakuwa akiandika ili marubani wauone mnara. Alikuwa akiandika ili ijulikane kwamba ameandika.

Akaenda kwa Akolgo. Bosi alisikiliza, akashika kichwa, akasema, "Andika ripoti. Na barua nyingine, kali zaidi."

"Kali zaidi ya hii nitakuwa namtukana maiti, bwana."

"Sasa unataka nifanye nini, Hajia? Nikaupande mimi?"

Azara alichukua mkoba wake, akakodi bajaji, akaenda kwenye mnara.

Hakuwahi kufika pale. Kwa karibu ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani, rangi ya chungwa imebabuka, na nyaya nene zilizoushikilia zilikuwa zimeanikwa vitenge. Chumba cha redio kilijaa magunia ya karanga. Uani, juu ya mkeka, alikaa mwanamke aliyeanza kuzeeka akibangua karanga. Huyo ndiye Hajia Samata, mjane wa Alhaji Zibilim. Walisalimiana kirefu, jinsi inavyopasa, nyumba na kazi na vumbi na watoto, na kila salamu ikaitikiwa. Kisha Azara akasema ametoka uwanja wa ndege, na kwamba wamekuwa wakileta barua.

"Kumbe ni nyie!" Mjane akainuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa saruji uliokunjwa mdomo. Akaumimina mkekani. Bahasha zote zilikuwa pale, mpaka ya juzi, hata moja haijafunguliwa. "Mume wangu kafa, barua zinakuja. Namzika, zinakuja. Namaliza eda, zinakuja. Nyie watu wa serikali mna roho ngumu, hata maiti hamumpi likizo."

"Mbona hukuzifungua, mama?"

"Zina jina lake. Wanangu walisema chenye jina la baba kisiguswe mpaka urithi ugawanywe. Na urithi wenyewe mpaka leo bado. Mmoja yuko Kumasi, mmoja Italia, kila akipiga simu mmoja wao anamtukana mwenzake kupitia sikio langu. Hebu nisomee, zinasema nini?"

Azara akafungua moja, akamsomea kwa Kidagbani, lugha yao ya nyumbani. Haikuwa ndefu. Zote zilikuwa hazizidi ukurasa.

"Ndiyo hilo tu?" aliuliza mjane. "Taa?"

"Taa, au ubomolewe. Leo ndege imeukosa mnara huu kidogo tu. Ilikuwa na watu saba na rubani wao."

Hajia Samata akaweka karanga chini. "Niliisikia. Kuku walitawanyika uani. Nikadhani siku hizi ndivyo zinavyopita." Akamtazama Azara. "Wewe unafanya kazi hapo karibu, hata nusu saa huchukui kufika. Miaka sita. Hukuweza kuja ukaketi hapa ukaniambia?"

Azara angesema nini? Kwamba kazi yake ni kuandika? Akakaa mkekani bila kukaribishwa.

Mjane hakungoja jibu. Alikwisha kuchukua simu yake na kumpigia mwanawe mkubwa aliyeko Kumasi, akamweleza yote; sauti ya mwana ikatoka wazi uani.

"Mama, mnara usiguswe! Kampuni ya simu inataka kuukodi."

"Lini?"

"Watakuja tu."

"Tangu baba yako afe watakuja tu. Basi panda basi leo, Yakubu, uje upande huko juu ukae na tochi mdomoni mpaka hao watu wako wafike."

"Mama, nitakwenda mahakamani."

"Nenda, utanikuta nimekaa mstari wa mbele." Akakata simu. Kisha akamgeukia Azara, sauti imeshuka. "Nyumba hii nilijenga mimi na baba yao. Kiwanja kina jina langu. Nipe karatasi."

Azara aliandika nyuma ya barua mojawapo kwamba mwenye kiwanja anakubali mnara ushushwe. Hajia Samata akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo.

Mbele ya karatasi ile na ripoti ya Baffoe, Akolgo alikosa pa kujificha. Hata hivyo mafundi kutoka mji mkuu walichukua wiki tano kufika. Katika muda huo fundi wa hapa mjini alivuta umeme kutoka nyumba ya mjane, akafunga taa nyekundu nusu ya mnara. Nusu ya juu alikataa kupanda, akisema kuna nyuki. Yakubu alipiga simu mara kumi na moja, hakwenda mahakamani.

Siku mafundi walipoanza, Azara hakuwa kazini. Alifika kwenye mnara asubuhi, akidhani kubomoa mnara ni jambo la dakika chache, kishindo na vumbi. Kumbe walikuwa wakifungua kipande kimoja baada ya kingine, wakikishusha kwa kamba, wakinywa maji, wakigombana juu ya bisibisi. Hajia Samata alimpa bakuli la wasawasa, chakula cha unga wa viazi vikuu, lenye pilipili nyingi. Akala, akajiegemeza ukutani penye kivuli, na usingizi ukamchukua mdomo wazi.

Aliposhtuka, jua lilikuwa limegeuka. Mtu alikuwa amemfunika kanga miguuni. Mafundi walikuwa wakipiga kelele juu, na mjane alikuwa akiwafokea watazame walipo, kuna mtu mzima amelala.

"Wamefika wapi?" aliuliza Azara.

"Nusu bado. Kesho pia watakuwepo," alisema Hajia Samata, akiendelea kubangua. "Lala."

Azara akageukia upande wa pili, akalala.