Kiungo cha Rangi ya Chungwa

Miaka mitatu Salha alikuwa akifundisha kemia katika chuo kimoja cha ufundi Kisauni, na wanafunzi wake walijua kwamba aliiacha shahada ya uzamivu katikati, kule Afrika Kusini, mamake Bi Mwanakheri alipopigwa na kiharusi nyumbani kwao Bofu. Mtoto alikuwa yeye peke yake, kwa hiyo akarudi. Wasilolijua wanafunzi ni habari ya Lenox.

Lenox alikuwa mwana wa Changamwe, mji mmoja na kwao Salha, babake mfanyakazi wa bandarini. Hawakujuana hadi walipogawiwa meza moja ya maabara huko Cape Town. Kazi yao ilikuwa kuunda viungo, yaani molekuli za kaboni zenye asidi kila ncha. Ncha hizo hushikana na madini kama boriti zinavyoshikana na nguzo, hadi kikasimama kiunzi, yaani fuwele iliyojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Fuwele ya namna hiyo, ikiundwa vyema, hunywa mvuke wa maji hewani na kuutoa ikipashwa moto kidogo. Kwa mtu wa Bofu, ambako mifereji hukauka wiki nzima ilhali hewa ina unyevu hadi nguo zikakataa kukauka, hayo hayakuwa mambo ya vitabuni. Jioni walichora viungo kwenye karatasi moja, wakipokezana kalamu, na Salha alirudi nyumbani kabla yeyote kati yao hajasema lililokuwa moyoni.

Kiungo chao cha mwisho kilishindikana. Walikifanya kirefu wakitaraji vitundu vipana, lakini picha ya eksirei ilionyesha viunzi viwili vimeota kimoja ndani ya kingine, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Nafasi yote ilikuwa imezibwa.

Jambo hilo Salha alitembea nalo mwaka mzima. Alilifikiria ndani ya feri akienda kazini na alilifikiria akimkanda mama mkono uliolala. Asubuhi moja, akimlisha uji, likamfungukia: angeongeza kaboni moja pembeni, kila upande wa sehemu ya kati ya kiungo, ili kinenepe kiasi cha kiunzi cha pili kukosa pa kupenya.

Vichocheo adimu vya Cape Town hakuwa navyo. Akachagua njia ya kikale: asidi aliyoagiziwa na chuo, yenye ile kaboni ya pembeni tayari, soda kali ya kutengenezea sabuni, na glukosi ya unga. Alitia glukosi kidogo kidogo mchanganyiko ukiwa motoni, ukageuka kahawia, kisha akaupulizia hewa kutwa nzima kwa pampu ya tangi la samaki aliyoazimwa na Baya, mtunza maabara. Mara mbili umeme ulikatika, kazi ikaharibika. Mara ya tatu, alipomimina siki, ulishuka unga wa rangi ya chungwa, mwingi na safi. Baya alimpongeza. Salha alishukuru, lakini mkono ulikuwa umeshashika simu. Akairudisha mfukoni, alitaka kwanza fuwele.

Aliuoka ule unga pamoja na chumvi ya madini ya zirkoni kwa siku tatu, zikapatikana punje zinazometa, akazitia kwenye kichupa ampelekee Lenox, maana mashine ya kuzitazama iko kule. Kwenye karatasi aliandika vipimo na viwango vya joto. Alipokwisha kufunga kifurushi alikifungua tena, apate kuongeza neno. Hakulipata, akakifunga vivyo hivyo.

Wiki sita zikapita. Jumamosi moja adhuhuri, akianika nguo uani, simu ikalia.

"Salha, kiunzi ni kimoja," Lenox alisema. "Kimoja peke yake. Vitundu vyote viko wazi."

Salha aliketi kizingitini. Lenox alimweleza kwamba fuwele zimenywa maji kuliko walivyowahi kutarajia, na kwamba amepima mara mbili asije akakosea. Kisha akasema profesa anataka Salha arudi kumaliza shahada, nafasi ipo.

"Njoo, Salha. Nimekungoja sana mimi."

Salha alitazama ndani. Ummi, jirani yao, alikuwa akimgeuza mama kitandani.

"Na wewe hutorudi?"

"Nirudi nifanye nini? Huko hakuna hata mashine ya kuonyesha nilichokitengeneza."

"Nipo mimi."

Sauti ya Lenox ilishuka. Alikuwa amepewa kazi ya miaka mitano hapo chuoni, na mkataba alikwisha kuutia saini.

Walipoagana, Bi Mwanakheri aliita kutoka chumbani.

"Abee, mama."

"Ndiye yule kijana wa Changamwe?"

"Ndiye."

"Yuaja lini?"

"Bado, mama," Salha alijibu, akamwekea mto vizuri, akarudi uani kwenye nguo zake.

Jumatatu alifika maabara mapema, akaanza kupima glukosi ya kiungo kingine, kirefu zaidi. Baya alishangaa, akamuuliza kwani hiki kilichofaulu kina kasoro gani. Salha alimwambia hakina kasoro yoyote. Ila hicho kipya nacho kitatoa fuwele, na fuwele zitapelekwa Cape Town, na huko kuna mtu atakayezitazama, halafu atapiga simu.