Kikohozi cha Baba Mdogo

Mugeni alijifunza kuchekesha kwa kumwigiza baba yake mdogo, na hiyo ndiyo kazi inayomlisha mpaka leo.

Mzee Karangwa, fundi seremala wa Gisozi, ndiye aliyemlea wazazi wake walipofariki. Mbao zilimpa chakula, lakini heshima yake ilitoka mdomoni. Kwenye gusaba, sherehe ya kuomba mchumba, yeye ndiye aliyesimama kuisemea familia ya binti, akiwazungusha wakwe kwa maneno matamu mpaka ng'ombe wa mahari atajwe. Anavua kofia, anakohoa kidogo, watu kimya. Jamani, mzee yule alijua kusema! Mugeni alipelekwa kila sherehe, na wakirudi nyumbani alimwigiza jikoni mpaka mama mdogo akashika mbavu. Karangwa mwenyewe alicheka kuliko wote.

Mugeni alipokua, alipanda jukwaani mara ya kwanza kwenye baa moja karibu na njia panda ya Sonatubes. Alikuwa ameandaa vichekesho vya mapenzi na simu. Hakucheka mtu, hata mhudumu. Akajifanya anavua kofia, akakohoa. Watu wakageuka. Ndipo akaanza kutia chumvi: mzee wake wa jukwaani akakohoa mpaka akashikilia meza, akamkataa ng'ombe wa wakwe eti amepakiwa pikipiki kutoka Kabuga, akafoka, "Ng'ombe wetu hapandi pikipiki!" Karangwa hajawahi kusema neno hilo maishani mwake. Lakini baa nzima iliangua kicheko, na Mugeni hakulala njaa tena.

Ikaja redio, yakaja mabango, ukaja ukumbi mkubwa uliojaa mpaka mlangoni. Watu wakakiweka kikohozi kile kuwa mlio wa simu zao. Mugeni alifurahi, na tusifichane, alikuwa na haki ya kufurahi. Ila hakuuliza hata siku moja mwenye kikohozi anaendeleaje.

Mama mdogo ndiye aliyemweleza. Kwenye gusaba ya jirani, mzee alisimama, akavua kofia, akakohoa, na hema zima likacheka. Wengine wakatoa simu wamrekodi. Akangoja wanyamaze, wapi! Akakaa, mtu mwingine akamalizia. Tangu hapo, akiombwa kusema, anajibu kwamba kifua kinamsumbua.

Mugeni aliumia sana. Tena sasa alikuwa anaolewa yeye, na hakutaka asemewe na mtu mwingine. Akaenda karakana, akapiga magoti kwenye maranda, akaomba msamaha, akaahidi kuliacha igizo lile, akamsihi amsemee. Karangwa aliendelea kupiga randa ubao wake.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "hata ukiacha wewe, wao hawataacha."

Hata hivyo akakubali.

Siku ya gusaba, binti anayeombwa hakai na wageni. Anafichwa ndani mpaka aitwe, na si ruhusa kutoa neno. Kwa hiyo Mugeni, amevishwa akapendeza, alisikilizia dirishani. Akasikia kikohozi kidogo. Kisha akasikia kicheko, kile kile alichoufundisha mji mzima. Aliinuka atoke awanyamazishe, mama mdogo akamshika mkono.

Halafu Karangwa akakohoa tena, safari hii kwa nguvu, kikohozi kirefu cha mtu anayeshikilia meza, akafoka, "Ng'ombe wetu hapandi pikipiki!"

Hema lilivunjika mbavu. Mzee akaendelea na igizo lote, neno kwa neno, mpaka ng'ombe akapokelewa na ikafika zamu ya kumwita binti. Wakwe walisema hawajawahi kuona gusaba tamu kama ile. Ndani, Mugeni alilia mpaka wanja ukachuruzika, na wasichana waliomsindikiza wakadhani ni furaha.

Alipoitwa alitoka wageni wakiwa bado wanacheka. Akainama kumsalimia baba yake mdogo, naye mzee akamshika mabega, jasho likimtoka, akamnong'oneza sikioni.

"Nimepatia, mwanangu?"