Sura Nne za Mwalimu Ratemo

Mimi sipendi uchafu, na siku ya Ijumaa ndiyo siupendi kabisa. Nyumbani kwetu Nyamira jua la Ijumaa halijawahi kuzama kukiwa na sufuria chafu, nguo isiyopigwa pasi, au taka ndani ya nyumba. Sabato huingia ikikuta kila kitu kimepangwa. Mama alinilea hivyo, na mume wangu Onyancha ameshazoea kufukuzwa na ufagio kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kwa hiyo Ijumaa ile kompyuta ya dukani iliponiandikia kwamba nafasi inakaribia kujaa, nilifanya ninachofanya kila Ijumaa. Nilifagia.

Nina duka dogo la kupiga chapa karibu na ofisi za kaunti. Barua, fomu, ratiba za mazishi, wasifu wa marehemu, yote hayo huandikwa na vidole hivi. Mashine kubwa ya kuchapisha iko Kisii mjini kwa Luul, mwenzangu wa biashara. Luul ndiye aliyetufungulia folda moja ya mtandaoni, yeye huiita klaudi, tunayoitumia sote wawili. Nikiandika kitu hapa Nyamira, kufumba na kufumbua kiko kwenye kompyuta yake Kisii. Kabla ya hapo nilikuwa nikimtumia flashi kwa gari, na nyingine hadi leo sijui zilishukia wapi.

Kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kufanya ilikuwa ya Mwalimu Ratemo. Alinifundisha darasa la sita, na jedwali la tisa nalijua hadi leo kwa sababu ya kiboko chake. Sasa ana miaka themanini na mmoja, anaishi Kiogoro na bintiye Purity. Mwaka jana daktari aliwaambia kwamba kumbukumbu zake zimeanza kuondoka na hazitarudi. Purity akanijia dukani akaniambia, "Dada, baba anataka kitabu cha maisha yake kiandikwe kabla hayajamtoka." Wajukuu wake wote wako Nairobi, na wamekuwa wakimwona babu kama mzee anayeuliza swali moja mara tano.

Basi tukaanza. Yeye anasema kwa Ekegusii, mimi naandika. Mwanzoni nilikuwa nikienda kwake Kiogoro na laptopu yangu. Tulipomaliza sura ya nane, herufi A ya laptopu ikafa, nikaitupa juu ya kabati nyumbani, na Purity akawa anamleta baba yake dukani kila Jumanne. Hapakuwa na daftari wala karatasi. Maneno yalitoka kinywani mwake yakaingia kwenye mashine. Sura kumi na mbili. Tulipomaliza ya mwisho, Mwalimu alikuwa ameshaanza kuniuliza mimi ni binti wa nani.

Ijumaa ile asubuhi Luul alinipigia simu. "Mama Osoro, kitabu cha Mwalimu kimefika chote. Nimekipanga vizuri humo humo kwenye folda, Jumapili nakichapisha."

Mimi nilisikia neno moja tu: kimefika. Kichwani mwangu ilikuwa kama mzigo uliotumwa Kisii. Mzigo ukifika, katoni iliyobaki kwako ni ya nini? Saa kumi jioni nikashika folda ya Mwalimu pamoja na ratiba za mazishi za mwaka mzima, nikafuta. Halafu nikaona pipa la taka la humo mtandaoni limejaa. Taka zilale dukani kwangu Sabato nzima? Nikalimwaga. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Mimi nina hakika siku zote, na hiyo ndiyo shida yangu.

Nikazima kompyuta, nikafunga duka, nikaenda nyumbani na moyo mweupe.

Simu yangu huwa naizima jua linapozama Ijumaa, naiwasha Sabato inapofungwa. Kesho yake, watu walipokuwa wakitoka kanisani kwenye ibada kuu, niliona hijabu ya kijani pale langoni. Nilimjua Luul kabla sijauona uso wake. Alikuwa amesimama kando ya mama zetu wenye kofia, amekumbatia mkoba, na midomo imemkauka.

"Nimekupigia mara kumi na moja," akasema. "Folda ya Mwalimu iko wapi?"

"Si iko kwako?"

"Nimefungua asubuhi nitengeneze jalada. Hakuna kitu. Nimeangalia hata kwenye pipa la taka. Hakuna."

Nikamweleza nilichofanya, nikijiamini bado. Nilimwona anafumba macho.

"Mama Osoro, nilikuambia siku ya kwanza. Ile folda ni chumba kimoja chenye milango miwili. Ukitoa kitanda kwa mlango wa Nyamira, mimi nitakikuta vipi kwa mlango wa Kisii?"

Badala ya kuomba msamaha, nikapandwa na hasira. Ndivyo nilivyo, nikikosa hupiga kelele kwanza. "Basi hiyo klaudi yenu ni ya kazi gani?" nikamwambia, pale pale langoni mwa kanisa. "Kama haiwezi kutunza kitu!" Nilisema "yenu", na nikaona imemchoma. Msichana amezaliwa Kisii mjini, baba yake ameuza vitambaa pale kabla mimi sijaolewa, na mimi namwambia "yenu". Aliuliza tu kwa upole, "Ile laptopu yako ya zamani iko wapi?"

"Juu ya kabati. Ina miezi miwili haijawashwa."

"Na intaneti haijaiona?"

"Haijaiona."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Basi ndani yake folda ipo kama ulivyoiacha. Haijapata habari kwamba umefuta. Lakini ikiwashwa, ikafunguliwa, ikaona intaneti hata kidogo, itapata habari hizo na kufuta pia. Hakuna mtu wa kuigusa?"

Nilitaka kusema hakuna. Ndipo nikamkumbuka Onyancha. Alhamisi aliteguka mguu katika mitaro ya shamba la chai, na asubuhi ile nilikuwa nimemwacha kitandani. Nikiwa mlangoni alikuwa ameniambia, "Usijali, mahubiri ya mchana nitayatazama kwa laptopu ile yako." Nikamjibu sawa, akae na Bwana.

Luul alimpigia kwa simu yake. Ikalia hadi ikakatika. Akapiga tena. Onyancha wakati wa mahubiri huweka simu kimya, na simu hiyo hiyo ndiyo ingeipa laptopu intaneti. Tukatafuta pikipiki. Nilipanda na gauni langu la Sabato, Luul nyuma yangu na mkoba wake, na washiriki wenzangu wakitutazama. Nilikuwa naomba njia nzima. Sikuwa naombea mguu wa Onyancha, Mungu anisamehe.

Tulimkuta sebuleni, mguu juu ya kigoda, laptopu mapajani, na uso umejikunja. Simu ilikuwa mezani ikitoa intaneti. Luul aliirukia akaizima kabisa, bila hodi wala salamu.

"Mama Osoro, huyu ni nani? Kuna nini?"

"Umefungua?" nikamuuliza. "Baba Osoro, umeifungua?"

"Nifungue vipi? Nusu saa nahangaika na paswadi. Inaanza na A, na A haiandiki! Mahubiri yameshaanza." Akatugeuzia kioo. Ilikuwa bado inangoja paswadi.

Nilikaa sakafuni na gauni langu jeupe, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Luul naye akakaa. Onyancha alituangalia kana kwamba ni sisi tulioteguka.

Luul alitaka tuifungue mara moja. Alikuwa amebeba kibodi nyingine kwenye mkoba, kwa sababu yeye hufikiria mambo mapema. Lakini hiyo ilikuwa kazi, na jua lilikuwa bado juu. Niliona aibu kumwambia. Nimemtukana, nimemsafirisha, halafu nimwambie angoje.

"Luul," nikasema, "Sabato haijafungwa."

Akaangalia saa, akaangalia laptopu. Nilijua jinsi anavyotaka kuiona ile folda, maana nami nilitaka hivyo hivyo. "Mimi hufunga duka Ijumaa saa sita hata mteja akiwa mlangoni," akasema. "Intaneti imezimwa, folda haiendi popote. Tungoje."

Tukangoja. Nilimpa chakula nilichopika Ijumaa, ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu chungu, iliyopikwa kwa maziwa. Aliswali chumbani kwa watoto. Wakati anarudi nilimwambia nilichopaswa kumwambia langoni: kosa lilikuwa langu, na lile neno "yenu" lilikuwa baya kuliko kufuta. Akasema, "Limeniuma." Halafu akaongeza kwamba chinsaga ilikuwa tamu. Jua lilipozama Onyancha alitutolea ombi la kufunga Sabato, fupi kuliko siku zote, na Luul akachomeka kibodi.

Folda ilikuwepo. Aliinakili kwenye flashi mbili kabla hajaniruhusu hata kuigusa. Kisha tukahesabu. Sura ya kwanza, ya pili, hadi ya nane. Baada ya hapo hakuna kitu. Nilikuwa nimesahau kwamba sura nne za mwisho sikuziandika kwenye laptopu, niliziandika dukani.

Na sura hizo nne zilikuwa za Nyamoita, mke wake. Jinsi walivyokutana, nyumba waliyojenga, ugonjwa, mazishi. Mwalimu mwenyewe alishasema kwamba zile nane za kwanza ni za wajukuu, lakini hizi ni zake.

Jumapili asubuhi tulikwenda Kiogoro sote wawili. Tulimkuta ameketi uani akiota jua, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Purity alituletea viti. Mimi sikukaa. Nilisimama mbele yake kama mtoto wa darasa la sita ambaye hajafanya hesabu zake.

"Mwalimu, nimepoteza kazi yako. Ile uliyonisimulia kuhusu Mama Nyamoita. Yote. Ni mimi niliyeifuta."

Akanitazama. "Nimekusimulia habari za Nyamoita?"

"Ndiyo, Mwalimu. Sura nne."

"Hapana," akasema, kwa uhakika kabisa. "Hizo sijamsimulia mtu. Nimekuwa nikingoja mtu aniulize."

Purity akageuza uso pembeni. Machozi yalinitoka nikashindwa kuyazuia, kwa sababu nilikumbuka zile Jumanne zote, mikono yake juu ya fimbo, na sasa hazikuwepo kwake kama vile hazikuwepo kwenye mashine.

"Unalia nini?" akanifokea. "Keti. Andika."

Nikaketi, Luul akachomeka kibodi yake kwenye laptopu, nikaandika. Mara ya kwanza, kule dukani, alikuwa amesema kama anayetoa ripoti kwa mkaguzi: tulikutana Masimba mwaka elfu moja mia tisa sitini na sita, tukafunga ndoa mwaka uliofuata. Sasa alianza na njugu. Nyamoita alikuwa akiuza njugu sokoni Masimba na hakuwa akiongeza hata punje moja juu ya kipimo. Kijana Ratemo alipita pale siku sita mfululizo kununua njugu, na njugu hazipendi, zinamuumiza tumbo. Siku ya saba Nyamoita akamwambia, "Wewe mwalimu, sema unachotaka, njugu zangu zinaisha." Purity akaacha kuchambua maharagwe. Alikuwa hajawahi kuisikia.

Tulimaliza kwa siku nne. Kuna majina aliyoyakosa na miaka aliyoichanganya, nikaviacha vilivyo. Luul alikuwa ameturekebishia kila kitu: folda ile ya pamoja, na nakala nyingine kwenye diski isiyounganishwa na chochote, ambayo inakaa kwake na ufunguo wake sina. Jumatatu nikiwa katikati ya sentensi, ujumbe wake uliingia kutoka Kisii: "Njugu zimefika. Usifute."

Kitabu kilipotoka nilikipeleka Kiogoro mwenyewe. Mwalimu alipapasa jalada lake, akaniuliza mimi ni binti wa nani, nikamwambia. Akaniomba nimsomee. Nilifungua sura ya tisa nikasoma hadi mwisho wake, naye akisikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Aliyesema haya," akasema nilipomaliza, "alimpenda sana huyo mwanamke."

"Ni wewe, Mwalimu."

"Najua ni mimi," akanijibu kwa ukali. "Soma tena."