Kitufe Chini ya Mpira

Marobota ya Mama Candida yamefika Ilala leo mchana, na yamefika kwa ramani yetu! Hapa nilipo siwezi hata kukaa.

Mama Candida ni Mchaga anayeuza vitenge kwa jumla Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mimi na Hillary, niliyesoma naye chuo, tumemganda tangu kipindi cha mvua atumie app yetu ya kuelekeza bodaboda. Leo asubuhi akakubali kwa sharti moja: dereva asimpigie simu kuuliza njia. Akipiga tu, tunafuta app na hatumsumbui tena.

Dereva alikuwa Rogath. Akapakia, akafunga simu kwenye usukani, akaondoka. Hatujamaliza hata chai, huyo karudi na mzigo wake.

"Mimi nina pikipiki, dada Violeth, sina boti," akaniambia. "Ramani yenu imenipeleka baharini."

Kweli, kioo kizima kilikuwa bluu. Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Mama Candida akamtazama Rogath, akanitazama mimi, akasema huyu hajapiga simu, amerudi mwenyewe, sasa hilo lihesabiwe vipi? Nikamwomba anivumilie kidogo. Akasema fundi Benedikta anasubiri Ilala na cherehani zimelala.

Hillary akaanza kulaumu mtandao. Mimi nikamwambia Rogath arudie alichofanya. Kumbe aliisogeza ramani kwa kidole achungulie foleni ya mbele, ikateleza mpaka baharini kule Feri. Kuna kitufe cha kuirudisha pale ulipo, kiko chini kulia. Na chini kulia ndipo ulipopita mpira wa tyubu aliofungia simu. Kitufe kimefunikwa kabisa! Sisi app tuliijaribu tumeshika simu mkononi, tumekaa kivulini Posta, tunakunywa juisi ya miwa.

Nikamuuliza kama anaweza kufunga upande mwingine. Akacheka. Simu yake iliyopita ilichomolewa Msimbazi akiwa amesimama kwenye taa, kwa hiyo mpira hauhami.

"Basi kihame kitufe," nikasema.

Hillary akadai watu wamezoea kulia. Nikamwonyesha pikipiki zilizopaki nje: huyu kafunga simu yake msalaba, yule kaizungushia kama bandeji. Kila mtu na fundo lake. Nikafungua kompyuta juu ya robota nikaandika: ukikandamiza kitufe kinalegea, unakiburuta unapotaka, ukiachia kinaganda hapo. Mara ya kwanza kiliburutika mpaka nje ya kioo kikapotea, tukacheka kwa woga. Nilipojaribu tena kikatii. Nikaituma kwenye simu ya Rogath. Akakiweka juu kushoto, dole gumba linapofika, akaondoka.

Tukabaki tunaikodolea macho simu ya Mama Candida pale mezani. Ikaita.

Nikafumba macho. Nikamsikia anaguna, anasema haya, haya. Akakata.

"Benedikta huyo," akasema. "Mzigo umefika. Analalamika tu nimemjazia njano."

Nikamkumbatia Hillary, nikamkumbatia na mteja nisiyemjua. Mama Candida akasubiri nitulie, akanisukumia simu yake, kioo kimepasuka kona ya chini kulia.

"Na mimi niwekee hiyo app, mwanangu, na hicho kitufe ukihamishie huku juu. Nataka niwaone madereva wangu wote wako wapi."