Kipande cha Nne

Kama yupo mtu aliyekielewa kitabu cha vyombo kunizidi mimi, ajitokeze tumpige picha tuitundike ukutani. Kile kitabu nilikijua kama ninavyoijua njia ya chooni kwetu, hata taa ikizimika sijikwai. Waulize wote niliosoma nao. Ila Mama Darasa usimuulize.

Shule yetu ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu hicho, na darasa lilikuwa limejaa mpaka dirishani. Mwalimu wa fasihi, mzee mwembamba mwenye sauti ya kugombana hata anapokusalimia, akakilaza kitabu mezani kama mgonjwa na kukipasua kwa wembe. Wasichana wa mbele wakashika vichwa.

"Mnalia nini?" akasema. "Mzima alikuwa anasomwa na mmoja. Sasa atasomwa na makundi manne."

Vipande vinne vikapelekwa kwa fundi viatu wa pale getini, vikarudi vimeshonwa kwa uzi wa soli na kuvalishwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ukikifungua kimoja, kinanuka gundi na miguu ya watu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha zamani, cha mafumbo. Kinasimulia jiko moja ambalo vyombo vyake vimemchoka mpishi. Kipande cha kwanza ni mateso: Sufuria anaunguzwa kila siku, Kisu ananolewa mpaka anakaribia kubaki mgongo mtupu. Cha pili ni vikao vya siri ndani ya kabati. Cha tatu ndicho nilichokuwa tayari kulala nacho kitanda kimoja. Mpishi anaingia asubuhi, anawasha moto, na hakuna chombo kinachokubali kushika joto. Mifuniko inagoma kufunuka. Mpishi anatoka mbio, aproni inapepea. Vyombo vinashangilia, vinamchagua Upawa awe mgawaji, kwa sababu kazi ya upawa ni kuchota na kumimina, na hakuna kinachobaki ndani yake. Wanamkabidhi ufunguo wa ghala.

Basi. Hapo kipande cha tatu kinaisha, na mimi nikaona habari imeisha. Wameshinda, mpishi kakimbia, unataka nini tena? Kipande cha nne nilidhani ni cha kuwashukuru wageni kwa kufika.

Nasema nilidhani kwa sababu sikuwahi kukishika. Vipande vilifungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati aliuvaa kiranja wetu shingoni kwa kamba ya kiatu. Tulimwita Funguo. Ukitaka kipande, umfutie meza, umbebee begi, na ucheke anapochekesha, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi ya suluba. Mimi nilikuwa namcheka pale ambapo hakukusudia kuchekesha. Kwa hiyo kipande cha nne nilikisikia tu kwa watu, kama habari za theluji.

Mwalimu naye alikataa katakata kutusimulia. "Mwisho mtausoma wenyewe," alisema. "Na swali la lazima kwenye mtihani linatoka huko kila mwaka. Mimi si redio."

Darasa zima likanigeukia mimi, maana Redio ndilo jina nililopewa, na sijawahi kuuliza kwa nini.

Aliyekihitaji kile kipande kuliko sisi wote alikuwa Mama Darasa. Alikuwa mtu mzima na watoto wake wawili. Asubuhi anapiga pasi mashuka ya hospitali, mchana anavaa sketi ya shule na kukaa nasi dawati la nyuma bila aibu hata chembe. Mikononi alikuwa na alama za pasi, mpya juu ya za zamani. Mwaka uliopita alianguka somo moja tu, la fasihi, kwenye swali hilohilo la mwisho, na chuo cha uuguzi kikamwambia ana nafasi moja tu iliyobaki.

"Nimeshapiga pasi mashuka ya kutosha," alikuwa anasema. "Sasa nataka kumjua anayelala juu yake."

Karibu wiki mbili kabla ya mtihani alimwendea Funguo.

"Mwanangu, naomba kipande cha nne."

"Subiri zamu, mama."

"Zamu yangu ilikuwa juzi."

"Ilishapita. Lakini ukinifagilia hapa chini ya meza, inaweza ikarudi."

Mama Darasa akaenda kwenye kona, akachukua ufagio, akarudi nao taratibu. Akaulaza juu ya meza ya Funguo, juu ya daftari lake lililokuwa wazi.

"Mimi napiga pasi mashuka ya watu wanaokaribia kufa," akasema. "Hata wao husema tafadhali."

Akarudi dawatini kwake, akakaa.

Mapinduzi yalianzia hapo. Wengi husema yalianzia kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaambia.

Nikapita dawati kwa dawati na jirani yangu, kijana mmoja tuliyemwita Kiraka, tukinong'ona neno moja tu: mifuniko. Kila aliyesoma kipande cha tatu akaelewa. Mchana ule, mwalimu alipokaribia mlangoni, Funguo akasimama mbele kama kawaida yake.

"Simameni!"

Hakuna aliyesimama.

"Hamsikii? Simameni!"

"Moto haujatufikia, mzee," Kiraka akasema. "Ongeza kuni."

"Nitaandika majina!"

"Andika," akajibu msichana wa mbele, yule aliyelia kitabu kilipopasuliwa. "Langu anza nalo. Nikutajie herufi?"

"Kaeni basi! Kaeni!"

Hapo ndipo tukasimama. Wote kwa mpigo mmoja, madawati yakapiga kelele. Funguo akabaki katikati, mkono kwenye ufunguo wake, jasho linamtiririka. Na mwalimu akaingia.

"Kuna nini humu?"

"Mwalimu," nikasema, "mifuniko imegoma."

Mzee akajikaza asicheke, mashavu yakamsaliti. "Mmesoma kitabu mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho, mwalimu," nikajibu, kifua mbele.

Akaniangalia kwa muda ambao sikuupenda. "Mpaka mwisho. Haya." Akamnyooshea Funguo mkono, akapokea ufunguo. "Mnampa nani?"

"Redio! Redio!"

Hotuba niliyotoa siku ile, natamani ungeisikia. Nilisema ufunguo hautakaa tena shingoni mwa mtu. Nikautundika kwenye msumari pembeni ya ubao, kila jicho liuone. Nikasema hapa hakuna wa kufagia chini ya meza ya mwenzake. Nikasema wa kwanza kupata kipande cha nne ni Mama Darasa, kikirudi tu kutoka kwa rafiki mmoja wa Funguo aliyekuwa nacho nyumbani. Mama Darasa alipiga makofi kwa mikono ile yenye makovu, na mimi nikajiona mrefu.

Sasa, mtu mwenye akili atanielewa. Funguo alianza kuzungukazunguka karibu na ule msumari. Kiraka akaninong'oneza, "Kaka, jamaa atauchukua." Nikautoa, nikautia mfukoni. Mfukoni si shingoni. Kisha kulikuwa na kile kiti chake, kiti pekee darasani chenye mgongo. Kukiacha kitupu ni kuharibu mali ya shule, nikakikalia. Kiraka akaanza kunifutia meza. Sikumwomba, nilisogeza viwiko tu. Kuhusu kucheka, hilo halihesabiki. Mimi nachekesha kweli, wakicheka wanacheka kwa haki.

Kipande cha nne kiliporudi nilikitia begini mwangu, maana utagawaje kitu usichokijua? Nikakiweka chini ya mto nyumbani, nikisubiri nafasi ya kukisoma. Lakini nafasi ikawa adimu. Kila nikitokeza, mtu ananiita. "Redio, kaka yangu, nifikirie." "Redio, pita hapa bombani, mbele yangu." Mmoja akanipa kalamu yake mpya, mwingine akanipisha kivulini. Nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: kipande kikiwa kwangu, darasa zima ni rafiki zangu. Nikimpa mmoja, nabaki na rafiki mmoja. Naye akishakisoma, hata huyo sina.

Mama Darasa alikuja Jumatano.

"Mwanangu, kile kipande kimerudi?"

"Kimerudi mama, ila uzi ulikatika. Kurasa zilikuwa zinadondoka. Kiko kwa fundi." Maneno yalitoka laini kabisa, sijui nilikuwa nayo wapi.

"Pole. Mtihani Jumatatu."

"Ijumaa unacho mkononi, mama. Wewe ndiye wa kwanza, si nilisema?"

"Mungu akubariki, mwanangu."

Ile baraka ilinikaa kooni kama kidonge bila maji. Lakini nikaimeza.

Ijumaa wakati wa mapumziko wenzangu wakaenda bombani. Nikamweka Kiraka mlangoni, nikakaa kwenye kiti changu, miguu juu ya meza, nikafungua kipande cha nne kwa mara ya kwanza maishani. Niliazimia kukimaliza palepale, kisha nimpe mama yule haki yake. Hilo uliamini au usiliamini, shauri yako.

Ukurasa wa kwanza, Upawa anautundika ufunguo wa ghala kwenye msumari, kila chombo kiuone. Nikacheka. Nikasema mwandishi huyu ana akili kama zangu.

Ukurasa wa pili, Upawa anatangaza kwamba Uma ameonekana karibu na msumari, kwa hiyo kwa usalama wa wote ufunguo atalala nao yeye.

Nikaacha kucheka. Nikageuza mpaka ukurasa wa nyuma kabisa kutafuta kimeandikwa lini, maana nilihisi kuna mtu amenipeleleza. Kiliandikwa kabla babu yangu hajazaliwa.

Ukurasa wa tatu, Kikombe anakuja, ana kiu ya siku nyingi, anauliza zamu yake. Na Upawa, amejilaza ndani ya sufuria kubwa na mfuniko umefunikwa nusu, anamjibu kwa upole mwingi—

Kivuli kikaangukia ukurasa.

Mama Darasa alikuwa amesimama mlangoni. Kiraka, mlinzi wangu, alikuwa pembeni yake anachunguza vidole vyake vya miguu. Nyuma yao alisimama fundi viatu wa getini, mtu mzima, aproni ya ngozi kiunoni, sindano ndefu ya kushonea mkononi.

"Nimempelekea fundi kiatu cha mwanangu," akasema Mama Darasa. "Nikaona nikichukue na kile kipande chetu palepale, nikuokolee safari."

Nikashusha miguu mezani. Fundi akaingia mpaka mbele yangu.

"Nimeambiwa uzi wangu umekatika," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, na hiyo ni mbaya zaidi. "Nashona viatu vya wapiga mpira, kijana. Haujawahi kukatika. Nionyeshe wapi."

"Ni... hapa juu, fundi. Palikuwa pamelegea kidogo."

Akachukua kipande, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kutoka juu mpaka chini. "Hapa? Au hapa?" Akauvuta kwa nguvu mpaka karatasi ya saruji ikalia. Uzi haukutikisika. "Nionyeshe tu, mwanangu. Nimekuja na sindano."

Nyuso zilikuwa zimejaa madirishani. Funguo alikuwepo, kidevu juu ya nondo ya dirisha, anatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. Nikatafuta mzaha. Mimi sijawahi kukosa mzaha.

"Labda kimejishona chenyewe," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Hata Kiraka.

Wakaanza kuingia. Hawakukaa madawatini, walikaa chini, sakafuni, wote, mpaka pakawa hapana pa kupita kati ya kiti changu na mlango. Nikainuka nimpishe Mama Darasa kile kiti chenye mgongo.

"Kaa," akasema. "Kaa hapohapo, tukuone vizuri. Sitaki kiti chako."

Akavuta benchi, akafungua daftari lake jipya, akashika kalamu. Fundi akampa mkononi kipande cha nne. Naye akanirudishia mimi.

"Soma kwa sauti. Tumechoka kusubiri."

"Mama, kengele itagonga, mwalimu—"

"Igonge," akasema msichana wa mbele. "Hatusimami."

"Mwalimu akija, naye atakaa," akasema Mama Darasa. "Soma."

Fundi akageuza ndoo ya maji iliyokuwa tupu, akaikalia, sindano juu ya goti. "Mimi nimekishona tu," akasema. "Sikuwahi kujua kinaishaje."

Nikaruka mpaka ukurasa wa nne, kimyakimya, kwa ustadi kabisa.

"Mwanangu," akasema Mama Darasa, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Anza mwanzo. Na usituruke hata mstari."

Nikarudi nyuma, nikaanza na ule msumari.