Jina la Sumari Kabla ya Jumatatu

Ulimwona, ukageuza uso. Usibishe. Ulimwona Sumari Bhumij akiyumba katika njia ya shamba la chai, mkono ukipapasa ua, ukasema walivyosema wote: huyo kalewa pombe ya mchele tangu alfajiri. Hata kumsogelea umnuse kinywa hukutaka.

Hakuwa amelewa. Miezi saba nyuma homa ilimpiga siku nne, ikamharibia sikio kule ndani, mahali panapomjulisha mtu kama amesimama au anaanguka. Mtoa dawa wa zahanati ya shamba akampa vidonge vya kizunguzungu. "Lala," akamwambia, "usitikise kichwa." Akalala, miezi sita! Mwanamke aliyebeba kikapu kwa mkanda wa kwenye paji la uso tangu usichana wake akawa gunia pembeni ya jiko. Akanenepa bila nguvu, sukari ikapanda. Mchana alisinzia, usiku akayakodolea macho mabati.

Ndipo Nakul, msimamizi wa wachumaji, akasimama mlangoni. "Dada, una wiki tano. Jumatatu zikiisha, saa moja asubuhi, uwe kiwanja namba tisa na kikapu. Ukishindwa kuvuka mitaro, jina linafutwa. Na nyumba inakwenda na jina."

"Na mama mkwe nimpeleke wapi?"

"Mimi ndiye meneja? Mimi natumwa tu."

Siku ya tatu akaja Dipali, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, aliyekuwa akitoka mjini kila Alhamisi. Alimkuta kitandani, kichwa kimekazwa kitambaa, akacheka kwa hasira. "Nani kakuatamisha kama kuku? Vidonge basi! Ubongo lazima uonje kizunguzungu ndipo ukizoee, na hivi vinaulevya. Kodolea kidole gumba, geuza kichwa kushoto, kulia. Kisha tembea. Mwili ukitembea utaila hiyo sukari, na usiku usingizi utakuja bila kuitwa."

Sumari akatembea. Alitapika, akajifuta, akatembea tena. Wanawake bombani wakamtania: "Shemeji, leo umekunywa mtungi mzima?" Akawapita, akaendelea kutembea. Lakini wiki zikapita na bado aliyumba. Sukari haikushuka, na kila adhuhuri usingizi ulimwangusha.

Alhamisi ya mwisho Dipali akamfunua kope. "Macho haya yana dawa. Unakunywa nini?"

"Chai ya chumvi tu, dada. Anayonipa mama."

Jikoni, mama mkwe, Bibi Jhalo, akaweka upawa chini. "Nilikuwa namsagia vidonge humo. Asubuhi na jioni. Anatapika mbele yangu nami dawa ninayo, nimtazame?"

"Mama, umeniua."

"Nimekuua kwa kukupenda, mwanangu. Nani mwingine ananichotea maji?"

Dipali akakusanya vidonge vyote, akasema kazi inaanza upya leo: wiki tano safi, na huyu atapona. Akaenda ofisini kuziomba. Akarudi na jibu la meneja: orodha ni orodha.

Sumari akalaza mwanzi sakafuni, kama ule wa kuvukia mitaro, akaupanda. Hatua mbili, akaanguka. Akapanda. Akaanguka. Mara ya tatu aliangukia nyonga, na hapo hapo chini akaanza kugeuza kichwa, kushoto, kulia, meno yameumana, machozi yakimwingia masikioni.

Mchumaji mwenzetu Mongra, wa safu ya nne ya nyumba zetu, mwaka wa mafuriko, alilazwa hivi hivi, akafutwa hivi hivi. Siku ile sote tulikwenda kuchuma. Nawe ulikuwepo.

Siku zimebaki nne. Jumatatu usiguse kikapu. Simama mbele ya ofisi kabla kengele haijalia, useme Sumari apewe wiki tano, na usiondoke mpaka waziandike. Usingoje jirani aanze. Vaa viatu sasa hivi, kagonge mlango wake, umwambie Jumatatu twende wote.